Muhogo Ulioiva Paris

Taru hakuoti muhogo wa kujivunia. Kuanzia Samburu hadi Mackinnon Road nchi ya Waduruma ni nyika: miiba, mibuyu, vumbi jekundu, na mvua ambayo mwaka mwingine haiji kabisa. Muhogo tulioula utotoni ulitoka Shimba Hills na Msambweni, ukaletwa na basi la Kinango ndani ya magunia, na watu wazima walitufunza mapema kuutofautisha. Mtamu huchemshwa ukanywewa chai. Mchungu humenywa, hulowekwa, huanikwa mpaka ukawa makopa, ndipo ukatwangwa. Anayezikimbiza hatua hizo huumwa, na wako waliokufa.

Nimeanza na muhogo kwa sababu kundi la muziki lililobadilisha masikio ya mjomba wangu, na baadaye yangu, lilijipa jina la muhogo. Kassav' ni mkate wa muhogo, aghalabu wenye nazi, unaookwa juu ya chuma cha moto katika visiwa vya Guadeloupe na Martinique, upande wa pili kabisa wa Afrika, ng'ambo ya Atlantiki, ambako bendera ni ya Ufaransa na lugha ya nyumbani ni Krioli. Waliolichagua jina hilo walikuwa na maana yao: muhogo una sumu, na mpishi asipoitoa chakula hakiliki. Muziki wa visiwa vyao, kwa maoni yao, ulikuwa umefikia hali hiyo hiyo. Mtu wa Msambweni hahitaji kufafanuliwa neno hata moja hapo.

Mjomba alikuwa mpiga besi katika bendi za hotelini Diani. Kila baada ya miezi alipanda kuja Taru kuona wazazi, na ndani ya mfuko wake hapakukosa kanda mpya. Ile ya mwaka huo aliinunua kwa mchuuzi karibu na kivuko cha Likoni. Ilikuwa kopi ya kopi, na juu yake mtu alikuwa ameandika kwa kalamu neno moja tu: ZUKU. Aliiweka kwenye redio kaseti yenye mawe sita, akaiegemeza kwenye shina la mbuyu, akatuambia tunyamaze. Sikuelewa lugha. Nilichokielewa ni kwamba besi ilikuwa ikitembea kama mtu mwenye haki ya kutembea hapo, na juu yake kulikuwa na kinanda kinachong'aa kama bati jipya juani. Mjomba alirudisha nyuma wimbo wa kwanza mara nne. Alikuwa akitafuta ngoma.

Kuna haja ya kueleza ngoma ile ilikotoka. Katika miaka ya 1970 Pierre-Édouard Décimus alikuwa mpiga besi wa Les Vikings de la Guadeloupe, bendi ya dansi iliyopendwa sana visiwani. Alikuwa ameona jambo lililomuuma: kumbi za kwao zilikuwa zimejaa kompa ya Haiti na muziki wa nje, huku ngoma za Guadeloupe zikidharauliwa kama mambo ya washamba. Alipojiunga na rafiki yake Freddy Marshall kutafuta njia, walimwendea kijana mpiga gitaa wa studio aliyekuwa Paris, Jacob Desvarieux. Huyu alizaliwa Paris mwaka 1955, mama yake akiwa mtu wa Guadeloupe, na sehemu ya utoto wake ilipita Senegal. Gitaa lake la kwanza alilipata Dakar akiwa na miaka kama kumi. Alijua roki, alijua muziki wa Waafrika waliokuwa wakirekodi Paris, na alijua studio ilivyokaa, swichi kwa swichi. Mwaka 1979 wakatoa albamu ya kwanza, Love and Ka Dance.

Ka ni ngoma. Gwo ka ni ngoma kubwa za Guadeloupe, ambazo zamani zilitengenezwa kwa mapipa yaliyobeba nyama ya chumvi, zikapigwa na watu waliokuwa watumwa katika mashamba ya miwa. Hupigwa kwa pamoja: boula hushikilia mwendo bila kuchoka, na makè huzungumza juu yake, akimfuata mchezaji hatua kwa hatua. Mwaka 2014 UNESCO iliiandikisha gwoka miongoni mwa urithi wa binadamu. Lakini mwaka 1979 jambo hilo halikuwa na cheti chochote, na kuziingiza ngoma hizo katika santuri ya disko kulihitaji ujasiri. Anayejua msondo na chapuo za Mwambao atatambua mpango wenyewe mara moja: mmoja analinda nyumba, mwingine anatoka kwenda kuongea na watu.

Hapo ndipo nadhani Décimus na wenzake walipowazidi wengi waliotangulia. Hawakuchukua ngoma wakaipamba kwa vinanda, wala hawakuchukua disko wakainyunyizia ngoma kidogo ili ionekane ya kisiwani. Waliichambua ngoma. Walichukua pigo la karnivali ya Guadeloupe liitwalo mas a senjan, wakauliza kila kipande chake kingeweza kukaa wapi katika bendi ya kisasa. Sehemu ya boula ikaenda kwenye besi na pedali ya ngoma kubwa. Mgongano wa vijiti ambao Martinique huitwa tibwa ukahamia kwenye ukingo wa ngoma ndogo, ukihesabiwa tatu, tatu, mbili. Kazi ya makè, ya kujibu na kuchokoza, wakayapa matarumbeta na kinanda cha umeme. Aliyekaa kwenye kinanda hicho kwa miaka mingi ni Jean-Claude Naimro wa Martinique, na ukimsikiliza utaona hapigi kama mtu anayejaza nafasi. Anapiga kama mpiga ngoma mwenye vidole kumi.

Vyombo navyo vilikuwa vimefika wakati wake. Mwaka 1983 kampuni ya Yamaha ya Japani ilitoa sintesaiza iitwayo DX7. Sauti yake haikutokana na njia ya zamani ya kuchuja mawimbi mpaka yabaki yanayotakiwa. Wimbi moja lilitumika kulitikisa jingine, na katika mtikisiko huo kukazaliwa kengele, marimba, besi kavu, piano ya kioo. Kanuni hiyo iligunduliwa na John Chowning katika Chuo Kikuu cha Stanford miaka ya 1960, naye alikuwa mwanamuziki kabla ya kuwa mtu wa maabara. DX7 ilikuwa na vitufe 61, iliweza kutoa sauti 16 kwa wakati mmoja, na kiwandani ilitoka na sauti 32 zilizokwisha kutengenezwa. Watu wengi hawakuwa na subira ya kuunda sauti nyingine, kwa hiyo kwa miaka kadhaa dunia nzima, kuanzia Tokyo hadi Lagos, iliimba kwa sauti zile zile 32.

Mwaka 1984 ikatoka albamu Yélélé, iliyoandikwa kwa jina la Desvarieux na Georges Décimus, mdogo wake Pierre-Édouard, ingawa wapigaji walikuwa wa kundi lile lile. Ndani yake mna wimbo ambao jina lake linasema kuwa zouk ndiyo dawa pekee tuliyo nayo. Zouk lilikuwa neno la kawaida la Martinique kwa karamu ya kucheza; baada ya santuri hiyo likawa jina la muziki. Mwaka 1986 Jocelyne Béroard, aliyekuwa amekwenda Ufaransa kusomea famasia kabla ya kuishia kwenye muziki, alitoa Siwo akisaidiwa na wenzake wa kundi. Mwaka 1987 ikaja Vini Pou, chini ya CBS, kampuni kubwa iliyoweza kuipeleka popote penye duka la santuri. Katika albamu hizo zote waliimba Krioli. Huo ndio uamuzi ninaouheshimu kuliko wote, kwa sababu Ufaransa ni nchi inayojua kumtia aibu mtu asiyesema lugha yake kwa lafudhi ya Paris, na soko lote lilikuwa likiwaita upande wa Kifaransa.

Sasa turudi Diani.

Ufukwe ule, kuanzia Tiwi hadi Galu, ulikuwa umejaa hoteli kufikia miaka ya 1980: Jadini, Trade Winds, Two Fishes, Leisure Lodge na nyingine. Kila moja ilitaka bendi usiku. Bendi ilipiga wakati wa chakula cha jioni, watalii wengi wakiwa Wajerumani na Waswisi, kisha ikapanda kasi kidogo baada ya saa tatu. Vijana waliopata kazi hiyo walikuwa wanamuziki wa kweli, wengine hodari kupita kiasi, lakini kazi yenyewe ilikuwa na mipaka. Mjomba alieleza kuwa meneja wa hoteli moja aliyofanyia kazi aliwapa karatasi yenye nyimbo kumi na nane, akawaambia hizo ndizo wageni wanazozijua. Mpiga ngoma wao, Mdigo, siku moja alianza kuchomeka pigo la sengenya, ngoma ya kwao, katikati ya wimbo wa Kiitaliano. Waliambiwa wasirudie.

Kinanda cha umeme kiliingia katika bendi hizo kwa sababu ya hesabu kabla ya sababu ya muziki. Hoteli ililipa kwa vichwa. Bendi ya watu tisa yenye tarumbeta mbili na saksafoni iligharimu kuliko bendi ya watano yenye kinanda kinachoweza kuiga zote tatu. Wapiga tarumbeta walianza kupungua Mwambao mmoja mmoja, na hakuna gazeti lililoandika habari hiyo. Mashine nayo haikustahimili bahari kama ilivyostahimili Paris. Chumvi iliingia chini ya vitufe, ikala shaba inayogusana, na baada ya misimu miwili kitufe kimoja kilikataa kulia huku kingine kikilia bila kuguswa. Mafundi wa redio wa Mombasa walikuwa wakivisafisha kwa spiriti na kifutio cha penseli.

Ndani ya mipaka hiyo hiyo ndipo Mwambao ulipotoa muziki wake uliosafiri mbali zaidi. Them Mushrooms, kundi lililoanzishwa Mombasa mwaka 1972 na ndugu wa ukoo wa Harrison, walikuwa bendi ya hotelini kama nyingine. Teddy Kalanda Harrison alichukua salamu ambazo kila mhudumu huzisema kwa mgeni akazifanya wimbo, na Jambo Bwana ulipotoka kwa Polygram mwaka 1982 uliuzwa mno nchini, kisha Boney M. wa Ujerumani wakautengeneza upya mwaka 1983. Watu wengi wa Pwani hawaupendi wimbo huo. Wanasema unatuonyesha kama watu wa kutabasamu tu. Nimewahi kusema hivyo mwenyewe. Siku hizi nausikiliza kwa namna nyingine, kwa sababu nimewafuatilia ndugu wale baada yake. Mwaka 1987 walihamia Nairobi, wakawa na studio yao wenyewe, na kuanzia hapo hakuna meneja aliyewapa karatasi. Kiongozi wao, John Katana Harrison, ni mpiga kinanda. Walipiga chakacha, rege, benga, taarabu, na zouk pia. Walimtafuta mzee Fundi Konde, ambaye gitaa lake lilikuwa limesahauliwa kwa muda mrefu, wakarekodi naye nyimbo zake upya mwanzoni mwa miaka ya 1990. Walipiga pamoja na Malika, mwimbaji wa taarabu, na wimbo wao Vidonge ukaimbwa mpaka na watu wasiojua taarabu ni nini.

Mombasa Roots nao, kwa Disco Chakacha, walikwenda karibu zaidi na njia ya akina Décimus. Chakacha ni ngoma ya wanawake harusini, ya mabiringisho ya kiuno na hesabu ya sita, na kwa kawaida mwanamume hakaribishwi. Kuitoa ukumbini mwa harusi na kuipa besi ya disko na kinanda lilikuwa jambo ambalo baadhi ya wazee hawakulikubali. Nawaelewa. Lakini sikiliza pigo lenyewe: halikupindishwa ili disko ikae raha. Disko ndiyo iliyolazimika kujifunza kuhesabu sita.

Neno kinanda lenyewe lina safari yake. Kwa wazee wa Lamu na Mombasa kinanda kilikuwa chombo cha nyuzi, ndugu wa gambusi, na ngoma iliyochezwa kwa hicho iliitwa kinanda vilevile. Ilipokuja hamonia ya Wahindi, kisha ogani, jina likahama kutoka nyuzi kwenda vitufe bila mtu kuuliza. Vikundi vya Tanga vya miaka ya 1960 na 1970, Black Star na Lucky Star, viliweka gitaa za umeme na ogani katika taarabu, na Mombasa ikawafuata. Kisha katika miaka ya 1990 likaja wimbi la East African Melody na wenzao, ambapo kinanda kimoja kilikuwa fidla zote, akodioni, na ngoma. Harusi iliyokuwa ikihitaji lori la wanamuziki sasa ilihitaji gari dogo.

Kulikuwa na hasara ambayo masikio makali yaliisikia. Maqamu kadhaa ya taarabu, yaani ngazi zake za sauti, hutumia sauti zilizo katikati ya kitufe kimoja na kinachofuata. Fidla na udi huzifikia kwa kusogeza kidole kidogo tu, kinanda cha kawaida hakina pa kuzipatia. Kwa miaka mingi nyimbo zilikatwa ili ziingie kwenye vitufe, mpaka viwanda vya Japani vilipoanza kutengeneza vinanda vya soko la Waarabu vyenye uwezo wa kushusha sauti nusu ya nusu. Vikafika Mombasa kupitia Dubai. Vijana wa leo hawajui kwamba kulikuwa na kipindi ambacho sauti hizo zilikosekana.

Ninapowaza ni kwa nini zouk iliingia Mwambao bila kubisha hodi, siwezi kuepuka historia nyingine. Mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Jean-Vincent Morice alifunga mkataba na Sultani wa Kilwa apewe watumwa 1,000 kila mwaka, wengi wao wakapelekwa Île de France, ambayo leo ni Mauritius. Watu wa pwani hii na bara lake walikwenda kuwa sehemu ya visiwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi, wakaacha ngoma na maneno ndani ya Krioli za huko. Guadeloupe na Martinique ni bahari nyingine, na mababu wa huko wengi walitoka Afrika Magharibi na Kongo. Hata hivyo shamba la miwa lilikuwa shamba la miwa, na ngoma iliyotengenezwa kwa pipa na watu waliokatazwa ngoma inaeleweka Shimoni, ambako wenyeji huwaonyesha wageni mapango wanayosimulia kuwa yalikuwa ya kuwafungia watumwa.

Zouk ikaendelea kupita. Iliingia Luanda, Praia, Moroni. Wakongo wa Paris waliibeba ndani ya sukusi yao. Amandla, albamu ya Miles Davis ya mwaka 1989, ina ladha yake. Mwaka 1993 Naimro alikuwa kwenye kinanda cha Peter Gabriel katika ziara yake kubwa ya dunia. Bongo fleva ilipoanza kukomaa Dar es Salaam, mapigo ya zouk yalikuwa miongoni mwa yale ambayo waimbaji wa mapenzi waliyaomba kwa watayarishaji wao, na wengi waliyaomba bila kujua yametoka wapi. Jacob Desvarieux alifariki Guadeloupe tarehe 30 Julai 2021 kwa Covid. Nilikuwa Mombasa. Nilimpigia mjomba simu. Alikuwa amekwisha sikia, na aliniambia tu kwamba ile kanda ya Likoni bado anayo, ila mkanda wake umeshikana.

Taru ni mahali pa kupitiwa. Misafara ya zamani ilitua hapa kunywa maji ya mvua yaliyobaki kwenye ngurunga, yale mashimo ya miamba, kabla ya kuikabili nyika. Reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 ilipita, barabara ikapita, na sasa treni mpya inapita juu bila kusimama. Mengi hupita, machache hushushwa. Kwa hiyo nilifurahi kupita kiasi Agosti iliyopita katika harusi ya jamaa, kumkuta kijana wa miaka kama ishirini na mbili nyuma ya kinanda kilichonunuliwa mkononi Mombasa, na kompyuta iliyopasuka kioo. Alikuwa amekwenda kwa simu yake kurekodi wapiga sengenya wawili, ngoma moja moja, na kayamba peke yake, akazipanga kwenye kompyuta kila pigo kwenye kitufe chake. Hakuwa amesikia habari za Kassav'. Nilimuuliza mara mbili.

Walipoanza, besi ilitoka kwenye kinanda ikitembea polepole, na ngoma za rekodi zikaipokea. Wasichana waliingia uwanjani. Shangazi mmoja mzee, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka karibu na spika na ambaye amepiga kayamba harusini tangu kabla sijazaliwa, alisikiliza muda mrefu huku ameinamisha kichwa. Kisha akainuka, akamwendea kijana, akamgusa bega.

"Mwanangu, kayamba yako inatangulia," alimwambia. "Ivute nyuma kidogo. Ingoje mguu."

Kijana alisimamisha muziki, harusi nzima ikimtazama, akaanza kuihamisha.